Mrihani umenawiri, harufu imekwenda wapi?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mwaka jana nilianzisha bustani ndogo ya majani ya kunukia kando ya nyumba: mrihani, nanaa, rozmari, kotimiri na mchaichai, mengine ardhini, mengine kwenye vyungu. Nimeilea kama mtoto. Maji asubuhi na jioni, mbolea kila baada ya wiki 2. Mrihani umekuwa mkubwa hadi wageni wanauulizia, lakini ukiunusa ni kama umenusa nyasi. Rozmari mbili zimekauka na ya tatu inaelekea huko huko. Kotimiri haikufika hata wiki ya 7 ikatoa maua. Nanaa ndiyo pekee iliyonikubali, tena imenikubali kupita kiasi, sasa imevamia kila mmea ulio karibu nayo. Nakosea wapi? Na nikivuna, nihifadhi vipi ili harufu isipotee?"

Dada yangu, kabla hujaendelea kusoma: ile rozmari ya tatu usiimwagilie leo. Wala kesho. Tutairudia.

Nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye maneno yaleyale, "asubuhi na jioni". Bustani yako haijakosa matunzo, imezidishiwa. Aliyezoea kulima mboga anajua jani kubwa ndilo jani zuri, na kwa mboga hajakosea. Kwa majani ya kunukia hesabu ni nyingine. Hapa hatuvuni jani, tunavuna mafuta yaliyomo kwenye jani, na jani linaweza kunenepa vizuri tu huku mafuta yakibaki palepale.

Chukua jani moja la mrihani wako, uligeuze, ulitazame upande wa chini kwa lenzi ya kukuzia kwenye mwanga mkali. Utaona vidoa vidogo vinavyong'aa, kama jasho kwenye paji la uso. Kila kidoa ni kifuko cha mafuta. Mimea ya kunukia ya jamii ya nanaa, kama mrihani wenyewe, rozmari, thaimu, oregano, seji na lavenda, huweka mafuta yake hapo nje, juu ya ngozi ya jani. Ndiyo maana ukiipapasa tu mkono unanukia: vifuko vimepasuka. Mchaichai hauko hivyo. Wenyewe umeficha mafuta ndani ya nyama ya jani, kwa hiyo unaweza kukaa kando yake saa nzima usisikie kitu, hadi uukate au uuponde. Kotimiri nayo ina vijifereji vya mafuta ndani ya mabua na majani. Ukishajua kila mmea umeficha wapi mali yake, mambo mengi ya kuvuna na kukausha yanajieleza yenyewe.

Mafuta hayo hayakuwekwa kwa ajili yetu. Ni silaha. Mdudu anayetafuna jani na ukungu unaotafuta pa kuota hukutana nayo kwanza. Kuyatengeneza kunahitaji sukari, na sukari hutoka kwenye jua, kwa hiyo mmea uliokaa kivulini hauna mtaji wa kutengeneza mafuta mengi hata ukitaka. Mbolea nayo, hasa ile ya kukuzia yenye naitrojeni nyingi, inauambia mmea: kua, kua, kua. Nao unakua. Majani yanapanuka na kujaa maji, na mafuta yale machache yanatawanyika kwenye eneo kubwa. Ni kama chai ya kikombe kimoja uliyoiongeza maji ikajaza birika.

Basi acha mbolea. Simaanishi uipunguze, namaanisha uiache kabisa kwa miezi 2 uone. Udongo uliochanganywa mboji iliyooza vizuri wakati wa kupanda unatosha kwa mimea iliyo ardhini. Iliyo kwenye vyungu, ambayo unaikata mara kwa mara, unaweza kuitupia konzi ya mboji juu ya udongo kila baada ya miezi 3 au 4. Halafu pima jua. Keti nje siku moja ya mapumziko na uhesabu kweli ni saa ngapi jua linagonga majani yenyewe, si ukuta ulio nyuma yake. Mrihani, rozmari, thaimu na lavenda zinataka saa 6 au zaidi. Nanaa na kotimiri zinaridhika na saa 4 hivi, na penye joto kali zinashukuru kupata kivuli cha mchana.

Tuje kwenye rozmari, maana hiyo ndiyo iliyo mahututi.

Rozmari, thaimu, lavenda, seji na oregano asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, kwenye miteremko yenye mawe, ambako kiangazi ni kirefu na maji hayatuami. Jina la kale la Kilatini, ros marinus, husemwa kuwa na maana ya umande wa bahari. (Siku hizi wataalamu wa mimea wanaiita Salvia rosmarinus. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kumbe ni seji, ukoo mmoja na ile ya kwenye chungu cha jirani.) Jina lisikudanganye ukadhani inapenda maji. Majani yake membamba kama sindano, yaliyojikunja kingo, yameumbwa kwa kubana matumizi ya maji. Mrihani na nanaa ni watu wa aina nyingine, majani mapana na mabua laini, zikikosa maji siku moja ya joto zinalegea. Wewe umeziweka zote kwenye ratiba moja.

Kibaya zaidi ni kwamba rozmari inayokufa kwa maji inafanana sana na inayokufa kwa kiu. Ncha zinanyauka, majani ya chini yanageuka kahawia na kupukutika, mmea mzima unaonekana mkavu. Mwenye bustani anaona ukavu, anaongeza maji. Kinachotokea chini ni kwamba mizizi imekosa hewa, imeoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa hata ukikaa ndani ya dimbwi. Mmea unakufa kwa kiu huku umesimama majini. Nasema hivi bila kukucheka, kwa sababu rozmari yangu ya kwanza niliiua hivyo hivyo, tena kwa bidii kubwa, na nilipoing'oa nilikuta mizizi imekuwa kama uzi mweusi uliolowa. Nilipoivuta kwa vidole, ganda lilivuka likabaki mkononi.

Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza wikiendi hii. Itoe ile ya tatu taratibu pamoja na udongo wake, uichunguze. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu na ni migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia iliyokolea au nyeusi, laini, yenye harufu ya tope. Kama zaidi ya nusu ni mizima, kata iliyooza, uipande upya kwenye udongo mkavu na mwepesi. Mimi hutumia sehemu 2 za udongo, sehemu 1 ya mboji na sehemu 2 za mchanga mkubwa, ule wenye chembe unazozihisi ukisugua vidoleni. Mchanga laini wa vumbi haufai, huziba. Kama ni ardhini na udongo wako ni wa mfinyanzi, inua tuta la sentimita 20 hadi 30 uipande juu yake.

Na ule ushauri wa kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yapite, uusahau. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Yanasimama juu yake, na sehemu yenye tope inasogea juu zaidi, karibu na mizizi. Kinachosaidia ni matundu ya kutosha kwenye kitako cha chungu na udongo mwepesi kuanzia juu hadi chini. Sahani iliyo chini ya chungu ikijaa maji, imwage.

Kuhusu lini umwagilie, kidole chako kina akili kuliko saa. Kichomeke kwenye udongo hadi fundo la pili. Kwa rozmari na wenzake, ukikuta pakavu hadi huko, mwaga maji mengi kwa mara moja hadi yatoke chini, kisha uondoke uziache siku kadhaa. Kwa mrihani na nanaa, subiri ukavu wa fundo la kwanza tu. Vijiko viwili vya maji kila siku ndivyo vibaya kuliko vyote: vinalowesha juu, vinafuga ukungu, na mizizi haipati sababu ya kushuka chini.

Kabla hujairudisha rozmari hiyo ardhini, chukua bima. Kata ncha 5 au 6 zenye urefu wa sentimita 10 hivi, zile ambazo hazina maua na ambazo chini zimeanza kukomaa lakini bado zinapinda. Vua majani ya nusu ya chini, zichomeke kwenye mchanga uliochanganywa mboji kidogo, weka mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja, udongo uwe na unyevu tu, usilowe. Baada ya wiki 4 hadi 8 vuta moja kidogo. Ikigoma kung'oka, imeshika mizizi. Mbegu za rozmari sikushauri, nyingi haziamki na zinazoamka zinakua polepole mno. Itakapokuwa imesimama, ikate ncha zake mara kwa mara, lakini usikate hadi kwenye mti mkavu usio na jani. Hapo haichipui tena, na lavenda ni vivyo hivyo.

Sasa mrihani. Tatizo la mbolea tumeliona, lakini nina shaka pia hujaukata inavyopaswa, kwa sababu mrihani "mkubwa" kwa kawaida ni mrihani ulioachwa ukapanda juu. Tazama bua lake: majani yanatoka mawili mawili, yakitazamana. Kwenye kwapa la kila jani, pale linapoungana na bua, kuna kijichipukizi kidogo kama punje ya mchele, kimelala. Kinalala kwa sababu ncha ya juu inakizuia. Ukiikata ncha hiyo, nusu sentimita juu ya jozi ya majani, vile viwili vya kwapani vinaamka. Wiki 2 baadaye una vichwa 2 badala ya 1. Ukivikata navyo unapata 4, halafu 8. Anza mmea ukiwa na jozi 3 au 4 za majani. Wengi huchuma majani makubwa ya chini moja moja na kuiacha ncha, kwa sababu wanauonea huruma mmea. Huruma hiyo ndiyo inayowapa fimbo ndefu yenye shungi juu.

Ncha ikianza kubadilika, majani yakiwa madogo na kubanana kama mnara, hayo ni maua yanakuja. Kata. Mrihani ukishaingia kwenye maua na mbegu, nguvu inahama, majani yanapungua na kuwa makali mdomoni, bua linakuwa mti. Mmoja uachie nyuki, wanaupenda sana.

Ile ncha uliyoikata usiitupe. Ondoa majani ya chini, itie kwenye glasi ya maji dirishani, badilisha maji kila baada ya siku 2, na ndani ya wiki 1 hadi 2 utaona mizizi myeupe. Mrihani mmoja mzuri unaweza kukupa mingine kwa namna hii bila kununua mbegu tena. Na kama baada ya jua, njaa kidogo na kisu bado haunukii, basi kosa ni la mbegu. Mirihani iko mingi: upo unaonuka karafuu kwa sababu ya eugenoli, ambayo ndiyo hasa harufu ya karafuu yenyewe, upo unaonuka limau, na ipo iliyochaguliwa kwa ajili ya uzuri wa majani tu. Kabla hujachukua mche, sugua jani. Usipopenda unachosikia, urudishe.

Jambo moja la kuangalia kwa mrihani: majani yakigeuka njano kwa vipande vilivyozingirwa na mishipa ya jani, usikimbilie mbolea ukidhani una njaa. Geuza jani. Ukiona unga wa kijivu kwa chini, huo ni ukungu, na unapenda majani yaliyolowa usiku kucha. Hapo ndipo maji yako ya jioni yanapofanya kazi mbaya. Ng'oa mmea ulioathirika, achanisha iliyobaki upite upepo, mwagilia asubuhi, kwenye shina na si juu ya majani.

Nanaa haihitaji ushauri wa kukua, inahitaji mipaka. Inatembea kwa mashina yanayotambaa juu ya udongo na chini yake, na kila kifundo kikigusa udongo kinaota mizizi. Ing'oe yote, chagua vipande vichache vyenye afya, uviweke kwenye chungu kipana. Ukitaka ionekane kama ipo ardhini, zika chungu chenyewe lakini uache mdomo wake sentimita 5 juu ya udongo, na uukague mara kwa mara, maana itaruka ukingo. Vile vipande vilivyobaki ardhini vitachipua tena kwa miezi kadhaa. Vumilia, ng'oa kila unachokiona. Kila mwaka au miwili itoe chungu, igawe, rudisha vipande vya pembeni tu, kwa sababu katikati huchoka. Ukiona madoa ya rangi ya chungwa chini ya majani, hiyo ni kutu: kata yote hadi usawa wa udongo, uyachome masalia, usiyatie kwenye mboji.

Na usihangaike na mbegu za ile nanaa kali yenye ubaridi mwingi. Ni chotara wa nanaa ya majini na nanaa ya kawaida, na kwa kawaida haizai mbegu zenye uhai. Huenezwa kwa vipandikizi. Ubaridi wake wenyewe ni kiini macho: mentoli inagusa mishipa ya fahamu ileile inayopokea baridi, ubongo unaamini pamepoa na joto la mdomo halijashuka hata kidogo. Ile nanaa ya kawaida haina mentoli nyingi, harufu yake inatokana na karvoni. Jambo ninalolipenda katika kazi hii ni kwamba mbegu za shibiti nazo harufu yake ni ya karvoni. Ni kitu kilekile, atomu zilezile, ila moja ni kama mkono wa kushoto na nyingine kama wa kulia. Pua inazitofautisha mara moja.

Kotimiri hujaikosea sana. Maisha yake ni mafupi kwa asili, na joto, siku ndefu, kiu au kuhamishwa kutoka kitaluni vinaifanya iharakishe kutoa maua. Ina mzizi mkuu mmoja unaochukia kuguswa, kwa hiyo ipande palepale itakapokulia. Kila kidonge cha giligilani, yaani tunda kavu la kotimiri, kina mbegu 2 ndani. Kivingirishe taratibu chini ya kitako cha glasi kigawanyike, loweka usiku mmoja, panda kina cha sentimita 1. Kisha dawa yake ni moja: panda kidogo kila baada ya wiki 2 au 3, ili wakati mstari mmoja unatoa maua mwingine uwe unaanza. Yale maua usiyakasirikie. Nzi fulani wenye mistari kama nyigu huyafuata, na funza wao hula vidukari. Baadaye utavuna giligilani, ambayo harufu yake haifanani kabisa na ya majani. Akitokea mtu nyumbani anayesema majani hayo yananuka sabuni, hadeki. Kuna watu ambao jeni zao za kunusa zinazipokea harufu hizo kwa ukali zaidi kuliko sisi.

Mchaichai hujaulalamikia na sishangai. Ugawe shina zikibanana, kata majani sentimita 10 hivi juu ya udongo, vaa glavu kwa sababu kingo zake zinachana kama wembe. Ukiulizwa kama unafukuza mbu, jibu ni kwamba kuupanda tu hautoshi, kwa sababu ile niliyokuambia: mafuta yamo ndani ya jani. Mmea uliotulia bustanini hauyatoi.

Kuvuna. Asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, mafuta yakiwa bado hayajaanza kupeperuka kwa joto. Kwa yale utakayoyakausha, vuna siku maua yanapotaka kuchanua, wakati huo mengi huwa na harufu nzito zaidi. Kata kwa kisu au mkasi wenye makali, usivute wala usisugue, maana unakumbuka vifuko viko wapi. Usikate zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja.

Miaka ya mwanzo nilitandaza shehena nzima ya thaimu na nanaa juu ya bati, juani, nikajisifu kwamba nimepata njia ya haraka. Jioni nilikusanya majani makavu ya kahawia yasiyo na harufu yoyote, na bati ndilo lililonukia. Mafuta yanayopeperuka kwenye mkono wako kwa joto la mwili, kwenye bati la moto yatakwenda wapi? Kausha kivulini, penye upepo, pasipozidi nyuzi joto 40. Funga vishada vidogo, vya kushikika kwa vidole viwili, vining'inize vichwa chini ndani ya mfuko wa karatasi uliotobolewa. Wiki 1 hadi 2 inatosha. Jani liko tayari likivunjika kwa mlio, bua likikatika badala ya kupinda. Weka majani mazima kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, kabatini kwenye giza, na kwa siku 3 za kwanza chungulia. Ukiona mvuke umeganda ndani ya chupa, hayajakauka, yatoe upya. Usiyasage hadi dakika unapoyahitaji. Yakitunzwa hivyo hufika mwaka.

Rozmari, thaimu, oregano, seji na lavenda zinakauka bila kupoteza mengi, na ukipikia tumia theluthi ya kiasi cha mabichi, uzitie mapema chunguni. Nanaa na mchaichai zinakubali pia. Mrihani na kotimiri hazikubali, ukizikausha unabaki na rangi tu. Zikate ndogondogo, zijaze kwenye trei ya barafu, mimina maji au mafuta ya kupikia juu, gandisha, na uzitie chakula kikikaribia kuiva. Mrihani mbichi usiuweke kwenye friji, chini ya nyuzi joto 10 majani hugeuka meusi. Uweke kwenye glasi ya maji mezani kama maua.

Hapa nisimame kidogo kwa jambo la usalama. Majani mabichi yaliyozamishwa kwenye mafuta na kuachwa kabatini ni hatari hata kama chupa inapendeza, kwa sababu ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria wa sumu kali wanaopenda mahali pa hivyo. Kama ni kwenye mafuta, gandisha. Vilevile mafuta ya kukamuliwa yanayouzwa kwenye vichupa si sawa na jani lako. Ni mazito mara nyingi zaidi, si ya kunywa.

Mahali pa kuiweka ni jambo ambalo watu hulifikiria mwisho, nami ningeanza nalo. Rozmari iwe kwenye kona ya njia, mahali ambapo nguo yako lazima iiguse ukipita. Thaimu ipandwe kati ya mawe ya kukanyagia. Mrihani uwe karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu usiofikika kwa hatua 5 hautakatwa, na usiokatwa unajua mwisho wake. Nanaa ikae chini ya dirisha la upande upepo unakotokea.

La mwisho linahusu pua yako. Pua huzoea harufu haraka, dakika chache tu inaacha kuihesabu, na wewe unashinda na mimea hiyo kila siku. Kwa hiyo usijipime wewe. Baada ya ile miezi 2 ya kuacha mbolea, kata jani moja la mrihani, lifungie kwenye kiganja cha mgeni wako, mwambie afumbe macho na alisugue kabla hujamwambia ni nini.